Mwongozo kamili: kuandika wasifu wa marehemu ili mwanamke, mzee na mtoto nao wapate haki yao

Shangazi yangu alizikwa Muheza, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri. Kabla ya kuelekea makaburini, kijana mmoja wa ukoo alisimama mbele ya jeneza akasoma wasifu. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto 7. Alikuwa mama wa nyumbani. Alianza kusumbuliwa na presha, akalazwa, akahamishiwa hospitali ya mkoa, hali ikabadilika usiku. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe. Karatasi moja, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ugonjwa.

Nyuma yangu, chini ya mwembe, walikaa akina mama waliovaa kanga za sare. Mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini, lakini niliisikia vizuri: "Mama wa nyumbani? Tangu lini?"

Hao walikuwa wenzake wa upatu. Shangazi alikuwa mweka hazina wao kwa miaka 21. Kabla ya hapo, akiwa binti, alianika singa, yaani nyuzi, za mkonge karibu na korona, mtambo wa kuchakata mkonge. Baadaye akakaanga samaki stendi, na ada za shule za watoto wale 7 zilitoka kwenye karai lile. Hakuna hata neno moja la haya lililosomwa.

Wasifu ule niliuandika mimi. Niliuandika saa nane usiku kwa tochi ya simu, baada ya kuwauliza watu watatu: mume wake na kaka zake wawili. Walinijibu kwa nia njema kabisa, kila mmoja kwa alichokijua. Tangu siku ile nimewaandikia watu wengi, wa ukoo na wa mtaani, na haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Kwanza elewa kasoro inatoka wapi

Sikiliza wasifu wowote msibani: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa, shukrani. Huo ni mpangilio wa mtu anayeomba kazi. Umekatwa kwa kipimo cha mwanamume aliyesoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo na kustaafu. Ukimwandika mtu wa namna hiyo, kila sehemu inajaa. Ukimwandika mwanamke ambaye hakuwahi kupokea hati ya mshahara, sehemu ya ajira inabaki tupu, basi mwandishi anaijaza kwa "mama wa nyumbani". Ukimwandika bibi wa miaka 90, elimu na ajira vyote vinabaki vitupu, unaandika idadi ya wajukuu. Ukimwandika mtoto wa miaka 6, hakuna kinachojaa, na familia nyingi huamua kutoandika lolote.

Wala si kwetu tu. Gazeti la New York Times limekuwa likiandika habari za wafu tangu 1851. Tarehe 8 Machi 2018 lenyewe lilikiri hadharani kwamba kwa muda wote huo kurasa hizo zilitawaliwa na wanaume weupe, na kwamba hata katika miaka 2 iliyotangulia wanawake walikuwa zaidi kidogo tu ya mmoja kati ya watano. Likaanza kuwaandikia waliorukwa, 15 kwa mkupuo wa kwanza. Mmoja wao ni Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi aliyefichua mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu. Alifariki 1931. Alingoja miaka 87.

Hatua ya 1: Tafuta jina lake

Usicheke. Hapa ndipo wengi hukwama. Mwanamke ameishi mtaani miaka 40 akiitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Majirani hawalijui jina lake, wakwe zake wanalijua nusu. Nimewahi kuona msalaba umeandikwa "Mama" pamoja na jina la mwanawe, basi. Mwana yu hai, na jina lake liko kaburini.

Uliza kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, kadi ya chama, daftari la vikoba. Kisha uliza jina la utoto, lile aliloitwa na mama yake. Andika yote, na hilo la Mama Fulani liwemo, maana ndilo waombolezaji wengi wanalomjulia. Lakini liwe la mwisho.

Waswahili wa pwani wana hazina hapa. Mwanamke akiolewa habadilishi: anabaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki 1950, na jina lake halikufunikwa na la mume yeyote. Kama ukoo wenu una desturi ya "binti", itumieni.

Hatua ya 2: Chagua watu wa kuwauliza

Ukibadilisha hatua hii peke yake, wasifu wote utabadilika. Msibani, mwandishi hupelekwa kwa wazee wa ukoo, na wazee wa ukoo ni wanaume. Wao wanamjua marehemu kama dada, mke au mama. Alichokifanya kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni wanakijua wengine.

Kwa mwanamke au mzee mimi hutafuta angalau watu watano hawa:

- mtu aliyefanya naye kazi au biashara, hata kama biashara ilikuwa meza ya nyanya;
- mwenzake wa kikundi: upatu, vikoba, kwaya, madrasa, jumuiya ndogondogo, ngoma;
- rika lake, mtu aliyemjua kabla hajaolewa;
- mtu aliyefundishwa naye kitu, iwe kusuka, kuzalisha, kupika kwa ajili ya harusi au kusoma Kurani;
- binti yake au mkwe wake wa kike, wala si mwana mkubwa peke yake.

Watafute kule jikoni nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, ambako wanawake wanapika chakula cha msiba. Nenda mwenyewe, kaa kwenye kibao, menya vitunguu ukiuliza. Usiwaite sebuleni mbele ya wazee, watanyamaza. Nimejifunza zaidi kwenye sufuria za pilau ya matanga kuliko kwenye viti vya mbele.

Na kama marehemu alikuwa mke wa pili, au mke aliyeachwa, kaulize upande wake pia. Wasifu nyingi hutumika kufuta mke na watoto. Kalamu iko mkononi mwako, usikubali iwe panga. Mkishindwa kuelewana, andika watoto wote kwa majina bila kueleza nani kazaa na nani.

Hatua ya 3: Uliza maswali yanayotoa majibu

Ukiuliza "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "Alikuwa mcha Mungu, mkarimu, alipenda watu wote." Majibu hayo yanamfaa kila maiti. Uliza hivi:

Aliamka saa ngapi, akaanza na nini? Fedha yake ya kwanza aliipataje, akainunulia nini? Nani alikuja kumgongea usiku, na kwa shida gani? Kuna kitu gani mtaani kisingekuwepo bila yeye? Alimfundisha nani? Kuna jambo gani alilikataa, hata aliposhurutishwa?

Swali la mwisho huleta kimya kwanza, halafu mtu anacheka, halafu mnaipata hadithi.

Faida ya kuuliza hivi inaonekana kwa Bibi Titi Mohamed. Ungemwandika kwa elimu na ajira, ungekosa cha kusema: alikuwa na elimu ya msingi, na alipoingia kwenye siasa hakuwa na cheo cha ofisini. Nguvu yake ilitoka kwenye lelemama, ngoma ya wanawake. Alikuwa mwimbaji kinara wa kikundi cha Dar es Salaam, na TANU, chama kilichodai Uhuru wa Tanganyika, kilipohitaji wanawake mwaka 1955, alipita kwenye vikundi vya ngoma kuwaingiza chamani. Vikundi ambavyo watu waliviona vya starehe ndivyo vilivyojaza mikutano ya kudai Uhuru. Aliyeuliza "aliajiriwa wapi?" asingeligundua hilo kamwe. Na baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, akafariki Novemba 2000. Leo madereva wanalitaja jina lake kila siku kwa sababu ni jina la barabara, na vijana wengi niliowauliza hawajui alifanya nini.

Hatua ya 4: Weka miaka

Maisha ya mwanamume msibani husomwa yakiwa na tarehe, ya mwanamke huachwa yakielea: "baadaye", "kwa muda mrefu". Tarehe humpa mtu uzito. Kama hakuna karatasi, tumia matukio: alikuwa amekwisha kuolewa wakati wa Uhuru 1961? Alimbeba nani mgongoni wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa? Biashara ilianza kabla au baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979? Kwa Kenya, kuna hali ya hatari ya 1952 na Uhuru wa 1963. Andika "takriban 1975" kama hujui kamili. Usibuni.

Hatua ya 5: Andika sentensi ya kwanza kabla ya nyingine zote

Mwezi Machi 2013 alifariki Yvonne Brill, akiwa na miaka 88. Alikuwa mhandisi wa roketi nchini Marekani. Alibuni mtambo unaosukuma setilaiti zisiyumbe kutoka kwenye njia yake, na mwaka 2011 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia. New York Times lilianza taarifa yake kwa kusema alikuwa hodari wa pishi fulani la nyama, alimfuata mumewe kila alikohamia kikazi, na aliacha kazi miaka 8 kulea watoto 3. Wasomaji walikasirika, na gazeti likabadilisha sentensi hiyo mtandaoni ianze na uhandisi wake.

Kulea watoto ni kazi nzito, na ninaiandika kwa heshima kila mara. Lakini mwanasayansi wa kiume mwenye watoto 3 haanzwi kwa mapishi. Kwa hiyo fanya jaribio hili: chukua sentensi yako, weka jina la mwanamume. "Marehemu alikuwa mume mwema, baba wa watoto 5, na pia alikuwa mwalimu mkuu." Ukiona haiwezekani kumwandika mwanamume hivyo, usimwandike mwanamke hivyo.

Sentensi ya kwanza iwe na kitenzi chenye kazi ndani yake. Huu ndio wasifu wa shangazi nilivyouandika kwanza:

*"Marehemu alikuwa mama wa nyumbani, mcha Mungu na mkarimu."*

Na nilivyouandika upya kwa ajili ya siku ya arobaini:

*"Marehemu alianika singa za mkonge tangu akiwa na miaka 15, akakaanga samaki stendi ya Muheza kwa zaidi ya miaka 30, na kwa miaka 21 alitunza fedha za upatu wa wanawake 30 bila kupotea hata shilingi."*

Hatua ya 6: Yaondoe maneno haya

"Hakubahatika kuolewa." "Hakubahatika kupata mtoto." Nimeyasikia yakisomwa kwa mwalimu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale kaburini. Sentensi hiyo inaweka pengo mahali ambapo marehemu mwenyewe huenda hakuona pengo. Kama hakuolewa, usiandike ndoa. Andika aliokuwa nao: wapwa aliowasomesha, rafiki aliyeishi naye.

"Pamoja na kuwa mwanamke, aliweza..." Futa yote.

"Alivumilia mengi katika ndoa yake." Hii husomwa kama sifa. Kila mtu pale anajua maana yake ni kipigo au kutelekezwa, na wasichana wanaosikiliza wanajifunza kwamba hiyo ndiyo shahada ya mwanamke mwema. Kama watoto wake wanataka yasemwe, yasemwe wazi. Kama hawataki, nyamaza. Usiyageuze maumivu yake kuwa pambo.

Ugonjwa: sentensi moja, mbili zikizidi. Miezi 3 ya mwisho isimeze miaka 70.

Ukimwandika mzee

Ubaguzi wa umri unamfikia mzee kwa njia ya sifa. "Ameshiba siku", wanasema, na maswali yanaishia hapo. Waandishi ni watoto na wajukuu, ambao walimkuta tayari ana mvi, kwa hiyo wasifu unaanza akiwa na miaka 60.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alipofariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, habari nyingi zilitangulia kuhangaika na umri wake, kwa kuwa hakuna aliyeujua kwa uhakika. Miaka yake ikawa ndiyo ajabu yenyewe. Lakini Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago aliyewafunda wasichana wengi, mpiga ngoma, mwimbaji wa taarabu aliyefuata nyayo za Siti, mshindi wa WOMEX, tuzo ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Angekuwa hivyo hata kama angefariki na miaka 60.

Basi kwa mzee, anza na ujana wake. Tafuta rika lake aliyebaki, hata kama ni kwa simu na inabidi mjukuu apaze sauti kumsikilizisha. Uliza alicheza ngoma gani, alitoroka wapi, alimpenda nani. Na usimwache nje ya miaka yake ya mwisho: mzee wa miaka 88 aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba alikuwa anafanya kazi.

Ukimwandika mtoto

Niliwahi kumwandikia mtoto wa jirani, miaka 6. Watu wazima waliniambia hakuna cha kuandika, malaika amerudi kwa Mungu. Nikamuuliza dada yake wa miaka 9. Akasema mdogo wake alijua kuhesabu chenji ya daladala bila kukosea, aliwapa majina kuku wote, na kuku mmoja alikataa kabisa achinjwe Krismasi. Hiyo ikawa nusu ukurasa. Mama yake ameihifadhi kwenye Biblia.

Usiandike angekuwa daktari au rubani. Andika alivyokuwa. Taja jina lake kamili, na waulize watoto wenzake, kwa sababu wao ndio waliokuwa wenzake wa rika. Kwa mtoto aliyefariki akizaliwa, jina na tarehe vinatosha kama wazazi wanataka vitajwe. Waulize baba na mama wote wawili, polepole, na jibu lolote watakalotoa ndilo.

Ukimwandika binti aliyeuawa

Hapa sina muda wa kuzunguka. Mwanamke kijana akiuawa, hadithi huhamia kwa muuaji: alikuwa nani, walikosana nini, binti alivaa nini, alikuwa wapi usiku. Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliuawa Iten Oktoba 2021 akiwa na miaka 25. Mwezi uliotangulia, tarehe 12 Septemba, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015. Wasifu wake ni huo. Mtuhumiwa ana mahali pake, mahakamani, na kwenye karatasi yako hapati hata aya moja.

Tangazo na picha

Wasifu huchukua siku, tangazo hutoka ndani ya saa moja, na ndilo linalowafikia wengi. Kenya, kwenye matangazo ya magazetini yanayolipiwa, mara nyingi utakuta mama mzee ametambulishwa kwa vyeo vya wanawe na ofisi zao, mistari minne, kabla hujafika kwake. Tanzania tuna "habari ziwafikie", na majina yanayotajwa kwanza ni ya wanaume hata kama marehemu aliishi na binti yake. Andika jina la marehemu, kazi yake au kitu alichojulikana nacho, kisha ndio uwataje wa kufikiwa, kwa mpangilio wa kuzaliwa na bila kutenga wana na mabinti. Waislamu huzika mapema na mara nyingi hakuna wasifu unaosomwa mazikoni, kwa hiyo maneno machache ya kipaza sauti cha msikiti na ujumbe wa simu ndiyo yanayobeba yote. Karatasi ndefu inaweza kungoja hitima.

Picha: usitumie ya kitandani hospitalini. Usitumie iliyokatwa kutoka picha ya harusi, bega la bwana harusi likibaki pembeni. Nenda studio ya mtaani, au kwa wenzake wa kwaya, waombe ile aliyoipenda mwenyewe. Kwa mzee, weka mbili: ya ujanani na ya karibuni.

Kusoma

Mpe muda uleule ambao angepewa mwanamume wa ukoo. Mimi hupima: dakika 5 kwa sauti ya kawaida ni kurasa 2 za mkono. Msomaji awe mtu aliyemjua, na kama ni binti yake na anaweza kusimama, awe yeye. Mwombe mchungaji au mshereheshaji mapema, kwa sababu ratiba ikibana, kinachokatwa kwanza ni wasifu. Baada ya kusoma, acha karatasi mezani pamoja na kalamu.

Siku ya arobaini ya shangazi niliusoma ule wa pili. Nilipofika kwenye upatu, yule mama wa chini ya mwembe alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwanangu, hatukuwa 30. Tulikuwa 32. Wawili walitangulia kabla yake, nao hawakuwahi kusomwa." Akanitajia majina yao yote mawili, taratibu, akisubiri nimalize kuandika moja ndipo ataje la pili.